Morogoro hadi Bagamoyo, kwenda na kurudi siku moja: mwongozo kamili wa kuipeleka familia baharini

Kila baada ya sikukuu napokea malalamiko yaleyale. Familia imeamka usiku, imekula barabara kwa saa nne nzima, imefika Bagamoyo, na bahari haipo. Kuna tope, mitumbwi iliyolala ubavu, na maji yanametameta kule mbali. Watoto wanacheza na kaa, wakubwa wanakula chipsi, kisha safari ya kurudi inaanza wakati maji ndiyo kwanza yanakuja. Wengine wanafika nyumbani saa nne usiku wakiwa hawasemezani.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Mwanangu alisimama pwani na boya lake kiunoni akauliza, "Baba, bahari yenyewe iko wapi?" Kulikuwa na mzee anashona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Mmekuja kuogelea?"

"Ndiyo, mzee."

"Leo bamvua, maji yamekupwa mno. Rudini saa tisa."

Saa tisa ndiyo tuliyopanga kuondoka.

Mwongozo huu ni wa anayetokea Morogoro mjini kwa gari dogo au Noah, kupitia Chalinze, Msata na Kiwangwa. Ni kilomita 190 hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Anayetokea kwingine abadilishe kilomita. Hesabu ya maji ni ileile pwani yetu yote.

Vitu vya kuandaa

Vya gari: leseni, kadi ya gari, bima iliyo hai, kizimamoto ambacho hakijapitwa na tarehe, pembetatu mbili, jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba lenye upepo, dumu la maji ya lita 5 kwa dharura, tochi na waya wa kuchajia simu.

Vya chakula: deli lenye barafu, maji ya kunywa (mimi nahesabu lita 2 kwa kila mtu, na hayabaki), chupa ya chai, chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, chumvi na ndimu. Karanga na korosho ni za dereva, zinamfanya atafune asisinzie.

Vya pwani: mkeka, kanga tatu au nne, taulo, nguo za kubadilisha za kila mtu (za watoto seti mbili), kofia, mafuta ya kujikinga na jua kwa wanaoyahitaji, yeboyebo kwa kila mtoto, na dumu la lita 20 la maji baridi (yaani yasiyo ya bahari) ya kusuuzia chumvi. Usitegemee bomba la pwani.

Vya afya: panadol, plasta, dawa ya kusafishia kidonda, chumvichumvi (ORS) ya anayeharisha, dawa za kila siku za bibi au babu, na ndoo ndogo yenye mfuniko kwa mtoto anayetapika garini. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na ndoo ni bora hata hivyo: haivuji, na inafungwa harufu ikabaki humo.

Pesa taslimu uwe nazo, nyingine za noti ndogo. Mtandao wa simu hukata pale unapouhitaji.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia maji

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanachagua siku kwa kuangalia kalenda ya kazi, kisha wanaiachia bahari ijipange yenyewe.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake. Kwa hiyo ukijua siku moja, unaweza kukadiria nyingine zote.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni wakati wa bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo huku kwetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Yaani ukifika saa nne asubuhi siku ya bamvua umefika saa mbaya kuliko zote. Ufukwe wa Bagamoyo una mteremko mdogo mno, hivyo maji yakishuka kidogo tu yanakimbia mbali.

Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, na hayana nguvu ya kuvuta. Kwa watoto wadogo haya ndiyo maji ya kutafuta.

Sasa fanya hesabu. Anayetoka Morogoro alfajiri anafika saa nne kasoro na anapaswa kuondoka kati ya saa nane na nusu na saa tisa. Unataka maji yajae kati ya saa tano na nusu na saa nane mchana. Siku hizo ni kama ya 9 hadi ya 12 tangu mwezi mpya au mwezi mpevu. Kwa anayefuata kalenda ya Kiislamu ni rahisi zaidi: lenga tarehe 8 hadi 11, au 23 hadi 26 za mwezi huo.

Hapa ndipo utakapoona kwa nini watu wanalalamika zaidi baada ya Iddi el-Fitri. Iddi hiyo ni tarehe mosi, mwezi umeandama jana yake, bamvua iko kwenye nguvu zake. Maji yatakupwa saa tano hivi asubuhi, wakati magari yote ya bara yanaingia mjini. Iddi el-Hajj ni tarehe 10, na maji yake hujaa mchana. Ukitaka kupeleka watoto baharini sikukuu moja tu kwa mwaka, peleka hiyo ya pili.

Ukishapata siku mbili tatu zinazofaa, hakikisha kwenye simu kwa kutafuta ratiba ya maji kujaa na kupwa ya bandari ya Dar es Salaam. Bagamoyo haipishani nayo kwa muda wa kukusumbua. Soma saa kwa makini: zipo programu zinazoonyesha saa za Greenwich, na hizo ziko nyuma yetu kwa saa tatu.

Tahadhari: masika, kuanzia Machi hadi Mei, usipange safari hii kwa watoto. Barabara ya Msata inavuka bonde la Ruvu, na mvua kubwa za bara huishia humo.

Umefaulu ikiwa: una tarehe moja na ya akiba moja, na unaweza kutaja saa maji yatakapojaa bila kuangalia simu.

Hatua ya 2: Panga saa ukianzia jioni

Watu hupanga saa ya kuondoka nyumbani. Panga kwanza saa ya kurudi, halafu rudi nyuma.

Sheria yangu ni moja: magurudumu yaingie Morogoro kabla ya giza kukolea. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na robo katikati ya mwaka na saa moja kasoro dakika chache mwezi Februari. Baada ya hapo barabara ya Chalinze si ya mtu aliyechoka mwenye watoto nyuma. Kuna malori yaliyoharibika bila taa, bodaboda zisizo na taa ya nyuma, na watu wanaotembea pembeni wamevaa nguo nyeusi.

Wastani wa mwendo, ukiheshimu vibao vya 50 na matuta ya vijijini, ni kilomita 55 kwa saa. Kilomita 190 ni karibu saa tatu na nusu. Ongeza dakika 20 za kusimama. Basi ratiba inakuwa hivi:

Saa 12:00 alfajiri, kutoka Morogoro.
Saa 3:50 asubuhi, kufika Bagamoyo.
Saa 8:30 mchana, kuanza kutoka majini na kufungasha.
Saa 9:00 alasiri, gari linaondoka. Hapo hakuna mjadala.
Saa 12:50 jioni, nyumbani.

Kati ya Mei na Novemba jua linawahi kuzama, kwa hiyo sogeza kuondoka kuwe saa 8:30. Ukisema moyoni "tutaona huko huko", utaona giza.

Waambie watu wote ratiba hii siku mbili kabla, hasa shemeji ambaye kila safari husahau simu. Ratiba anayoijua dereva peke yake haimsaidii mtu.

Hatua ya 3: Gari, siku tatu kabla

Siku tatu, si jana yake. Ukigundua breki zimekwisha Ijumaa jioni utasafiri nazo hivyo hivyo, nakujua.

Matairi yaangaliwe kwanza. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2318 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na bado limezeeka, mpira wake umekauka na una nyufa ndogo kama udongo wa kiangazi. Lami ya mchana na mzigo wa watu saba vitalimaliza. Ukiziona nyufa hizo, badilisha.

Upepo upimwe asubuhi gari likiwa limelala, kwa sababu tairi lililotembea lina joto na kipimo kinadanganya. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Tairi la akiba nalo lipimwe. Ni wachache wanaolikumbuka, na wanalikumbuka wakiwa Ubena Zomozi.

Kisha maji ya rejeta, oili, maji ya breki, taa zote pamoja na za breki (mtu asimame nyuma akuambie), honi, mikanda ya viti vyote, na wipa. Safisha kioo cha mbele ndani na nje. Kwenda asubuhi unaelekea mashariki na jua linakuja usoni. Kurudi jioni, kutoka Chalinze, unaelekea magharibi na jua lile lile linakuja usoni tena. Kioo chenye ukungu wa vumbi kwa mwanga huo ni kama pazia. Miwani ya jua kwa dereva si mbwembwe.

Tahadhari: rejeta ikichemka njiani, usifungue mfuniko. Zima gari, fungua boneti, subiri nusu saa. Maji yake yanaruka na kuunguza uso.

Mwisho, ingiza namba ya gari mtandaoni uone kama linadaiwa faini. Afadhali uijue ukiwa sebuleni.

Umefaulu ikiwa: umeliendesha gari kilomita 20 hivi baada ya fundi kuligusa, na hakuna mlio mpya wala tone chini asubuhi yake.

Hatua ya 4: Pesa

Safari yote, pamoja na mizunguko ya mjini, ni kilomita 400. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 40. Tuseme lita ni shilingi 3,000, hiyo ni 120,000. Bei kikomo za mafuta EWURA huzitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo kama safari iko wiki hiyo, tazama kabla ya kujaza.

Ongeza chakula cha mchana, kiingilio cha sehemu yenye vyoo na bafu, samaki wa kurudi nao, na akiba ambayo ni theluthi ya jumla yote. Akiba hiyo mpe mtu asiye dereva na asiyependa kununua vinyago.

Hatua ya 5: Usiku wa kuamkia safari

Gari lijazwe mafuta na kupakiwa usiku, deli tu ndilo lisubiri asubuhi. Watoto walale na nguo za safari. Asubuhi unawabeba kama magunia, wanaamkia Mikese.

Anayetapika garini asinywe maziwa wala kula vya mafuta. Apewe chai ya tangawizi kidogo na kipande cha mkate, akae safu ya kati karibu na dirisha, na asipewe simu ya kuangalia katuni. Macho yakitazama kitu kilichotulia huku mwili unayumba, tumbo hugoma. Kama mnatumia dawa, mfamasia aseme kipimo cha umri wake.

Dereva alale kwa muda wa saa saba. Mpira wa usiku utarudiwa.

Hatua ya 6: Njiani

Bibi akae mbele, au popote penye nafasi ya kunyoosha magoti. Mtoto hakai mbele kwenye mapaja ya mtu. Hasimami katikati ya viti pia, hata akilia.

Kutoka Morogoro hadi Chalinze ndiyo sehemu ngumu. Ni barabara kuu, malori mengi, na karibu na mizani ya Mikese hujipanga foleni. Vijiji vinafuatana na kila kimoja kina kibao cha 50. Tochi za trafiki za kupima mwendo hukaa pale unapodhani kijiji kimekwisha ila kibao cha kukuruhusu hujakifikia. Subiri kibao.

Ukikuta matawi ya majani yametupwa barabarani, punguza mwendo papo hapo. Hiyo ndiyo pembetatu ya wengi wetu: mbele kuna lori limekufa, mara nyingi baada ya kona.

Usiovateki kwenye mlima kwa kufuata gari la mbele. Yule ameona, wewe hujaona.

Chalinze kunja kushoto, barabara ya Tanga na Arusha. Pita Lugoba, na baada ya karibu kilomita 40 unafika Msata. Simama hapo dakika 20. Kila mtu aende chooni, hata anayesema hana haja. Chai na chapati ziliwe nje ya gari, watoto wakimbie kidogo.

Msata kunja kulia. Kilomita 64 zilizobaki ni za raha, lami nzuri na magari machache. Uraha huo ndio hatari yake, mguu unakuwa mzito bila kujijua. Kiwangwa utaona nanasi zimepangwa pembeni. Usinunue sasa, zitajaza gari harufu na kuchukua nafasi. Nunua ukirudi.

Umefaulu ikiwa: mmevuka Ruvu kabla ya saa nne na hakuna aliyetapika zaidi ya mara moja.

Hatua ya 7: Pwani

Agiza chakula dakika ya kwanza mnapofika, kabla hata ya kuvua viatu. Samaki wa watu wanane jikoni ni saa moja na nusu, sikukuu ni zaidi. Mwambie mhudumu saa mnayotaka kula, si "tukitoka majini". Saa sita na nusu inafaa.

Gari liegeshwe kwenye ardhi ngumu. Mchanga unaoonekana mgumu asubuhi unameza magurudumu ukikauka.

Funguo akae nazo mtu mzima ambaye hatii mguu majini siku hiyo. Nilishawahi kuingia baharini na rimoti mfukoni. Gari lilikataa kuwaka, na fundi wa funguo alikuja saa kumi na moja.

Sasa watoto. Kila mtoto awe na mkubwa wake mmoja anayejulikana kwa jina: mama na huyu, shangazi na yule. "Tunawaangalia wote" maana yake hakuna anayeangalia. Maji yasizidi kiuno cha mtoto, na mkubwa asimame upande wa kilindi, mtoto awe kati yake na nchi kavu. Boya la upepo na mpira wa tairi si ulinzi. Upepo ukitoka bara unausukuma nje haraka kuliko unavyoogelea.

Muulize mvuvi au mlinzi wa pale wapi pana mkondo na wapi pana mawe. Hatachoka kukujibu. Yeboyebo zisivuliwe ndani ya maji.

Kama hesabu ya maji ilikushinda na umekuta yamekupwa, usikae kuyatazama. Wapeleke watoto magofu ya Kaole, kusini kidogo ya mji, kuna makaburi na misikiti ya kale iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Au Ngome Kongwe, au soko la samaki mitumbwi inapoingia. Rudini majini saa saba.

Saa ya kununua samaki ni kabla tu ya kuondoka. Fungua shavu, liwe jekundu. Jicho liwe limejaa, lisiwe limezama. Wasafishwe hapo hapo, waingie kwenye deli, maji ya barafu iliyoyeyuka yamwagwe kwanza.

Saa 8:30 toa tangazo la kwanza. Mtoto hatoki baharini kwa tangazo moja, hiyo nusu saa ni ya mabishano, dumu la maji baridi, na kutafuta yeboyebo moja iliyopotea. Hesabu watu wakiwa wameketi ndani ya gari. Hesabu tena.

Hatua ya 8: Kurudi

Dereva anywe chai na asishibe sana. Wali wa nazi na samaki, jua la siku nzima, gari lenye joto na watu wote wamelala: hapo usingizi haubishi hodi. Abiria wa mbele ana kazi ya kukaa macho na kuongea. Kama bibi amelala, abadilishane na mwingine.

Kiwangwa nanasi. Msata choo. Chalinze mfute kioo cha mbele, kwa sababu jua la jioni linaanza hapo, na mwendo ushuke kidogo hadi lizame. Dereva akianza kupiga miayo mfululizo au akishindwa kukumbuka kijiji kilichopita, asimame kituo cha mafuta, alale dakika 20, anawe uso. Kufungua dirisha na kuongeza muziki hakumwamshi mtu.

Giza likiwakuta kabla ya Mikese, msikimbizane nalo. Kaa nyuma ya basi linalokwenda taratibu, acha nafasi ya kutosha, mwache yeye akumulikie njia.

Nyumbani: samaki kwenye friji kwanza, watoto waogeshwe maji baridi hata wakiwa nusu usingizini maana chumvi itawawasha usiku, mchanga wa gari mwachie kesho.

Umefaulu ikiwa: asubuhi mtoto anauliza tunarudi lini, na wewe unachungulia mwezi uko siku ya ngapi.